SOMO: UTUNZAJI WA GARI LA CHAMA – WEUSI WA MADIGADI NA PLASTIKI ZILIZOPAUKA



Kila unapokaribia Mkutano Mkuu wa Mwaka, gari la chama huonekana jipya. Matairi hung'aa, bampa huwa jeusi kama mkaa, na uvungu wa madigadi hupakwa mafuta hata yakachuruzika. Wanachama hutazama, wakaridhika. Mkaguzi naye hupiga goti, akapeleka mkono nyuma ya gurudumu, na pengine mkono hurudi na kipande cha bati kilichooza. Somo letu la leo lahusu weusi huo: upi ni wa kulinda mali ya wanachama, na upi ni wa kuwafumba macho.

Yafaa ifahamike kwanza kwamba mazingira yetu ni magumu kwa gari. Likishuka Nyamisati kupokea mizigo ya Salale, Mbwera au Mafia, hurudi limebeba tope la chumvi. Tope hilo hujibana katika pembe za madigadi, na nje huonekana limekauka. Lakini chumvi hunyonya unyevu wa hewa, hivyo ndani hubaki bichi usiku na mchana. Kutu ni kazi ya chuma, maji na hewa, na kazi hiyo huenda na umeme mdogo usioonekana. Maji ya chumvi hupitisha umeme huo kwa wepesi kuliko maji baridi. Ndiyo sababu gari la Nyamisati huoza mapema kuliko gari lisilotoka barabara ya lami ya Kibiti, hata yakiwa ya umri mmoja. Na gari lolote lililopita katika maji ya mafuriko ya Aprili 2024, ambalo halijafunguliwa plastiki za ndani ya madigadi tangu siku hizo, lifunguliwe sasa. Mchanga na matope hujificha nyuma yake.

Wengi wetu tumezoea oili chafu. Hatukatai kwamba oili huzuia maji kwa muda. Lakini hunasa vumbi na mchanga, hulainisha na kuvimbisha mipira, na ikidondokea breki yaweza kuleta msiba. Tena oili iliyokwisha kutumika ina sumu inayoweza kuleta saratani kwa fundi anayeipaka kwa mikono mitupu, nayo mvua ikiiosha huishia mitoni, na mito yetu huishia deltani tunakovua kamba. Kubwa zaidi kwa mkaguzi ni kwamba oili iliyopakwa juu ya kutu huifanya kutu ionekane kama chuma kizima.

Njia iliyo sahihi huanza kwa maji baridi, na sehemu kubwa ya kazi imo humo. Gari liinuliwe na kuegemezwa juu ya stendi imara, kamwe lisitegemee jeki peke yake. Magurudumu yavuliwe, plastiki za ndani zifunguliwe, tope liloweshwe na kusuguliwa kwa brashi na sabuni hadi maji yatoke safi. Vitundu vya kutolea maji chini ya milango vizibuliwe. Kisha gari likae juani hadi likauke kabisa. Rangi ikipakwa juu ya unyevu itaufungia ndani. Baada ya hapo fundi agonge bati polepole kwa mpini wa bisibisi. Mahali panapolia vizuri pana uzima. Panapobonyea hapahitaji rangi bali bati jipya na kuchomelewa, na Bodi ielezwe hivyo waziwazi.

Kutu ya juujuu isuguliwe kwa brashi ya waya na msasa, ipakwe rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, na ikikauka ifuatwe na rangi nzito ya lami iliyotengenezwa kwa ajili ya chini ya gari, mara mbili nyembamba kuliko mara moja nene. Diski na mipira ya breki, springi na bomba la moshi vifunikwe visipakwe. Ziko pia dawa za kugeuza kutu kuwa tabaka jeusi, na baadhi yake hutumia tanini. Hiyo ni jamaa ya ile iliyomo katika magome ya mikoko yetu, ambayo enzi ya Wajerumani yalisafirishwa kutoka Delta kwa ajili ya kutengenezea ngozi. Asitokee mtu wa kwenda kubandua mikoko kwa sababu ya maneno haya! Misitu hiyo ni hifadhi, na dawa ya dukani imepimwa.

Plastiki za nje ni jambo jepesi zaidi. Huchanganywa na masizi laini kiwandani ili kuzikinga na jua, lakini miaka ikipita jua huua tabaka la juu, likawa unga mweupe. Zioshwe, zisuguliwe, zikauke, kisha zipakwe kwa kitambaa dawa ya plastiki za nje, kidogo kidogo, na inayozidi ifutwe. Itadumu majuma kadhaa. Kiwi ya viatu huondoka na mvua na kuchafua nguo za abiria. Mafuta ya kula hukusanya vumbi. Wako mafundi wanaopitisha moto juu ya bampa likarudia weusi. Hurudi kweli, lakini si kwa muda mrefu, na moto ukizidi kidogo bampa hupinda.

Wakati mzuri ni baada ya masika kwisha na kabla msimu wa korosho haujaanza.

Sasa upande wa vitabu, ambako makatibu wengi hujikwaa. Malipo ya kazi hii ni gharama za matengenezo za mwaka huo. Yasiongezwe katika thamani ya gari kwenye rejesta ya mali, kwa maana gari lililopakwa weusi halikuzidi thamani, limezuiwa tu lisipungue upesi. Hati ya malipo iambatane na risiti za vifaa na maelezo ya fundi juu ya sehemu alizozikuta zimeoza. Katibu apige picha za kila uvungu kwa simu baada ya kuoshwa na kabla ya kupakwa, aandike tarehe na kilomita, azitunze katika jalada la gari. Mkaguzi atakapofika ataomba kwanza picha hizo, kisha tochi.