Kopo la Mkojo Kliniki: Linavyojazwa na Linavyosomwa

Mama mjamzito afikapo kliniki hukabidhiwa kopo dogo na kuonyeshwa mlango wa choo. Maelezo apewayo mara nyingi huwa maneno mawili tu: "Lete mkojo." Baada ya muda mfupi majibu huandikwa kwenye kadi, na si nadra yakawa ni UTI. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba wapo wajawazito walihesabulo kuwa sehemu ya ujauzito wenyewe, mfano wa kichefuchefu. Lakini baadhi ya UTI hizo hazikutoka kwenye kibofu. Zilipatikana katika namna kopo lilivyojazwa.

Mkojo wa mjamzito hupimwa kwa sababu kuu mbili. Ya kwanza ni bakteria. Homoni ya projesteroni hulegeza mirija ishushayo mkojo kutoka kwenye figo, na mji wa mimba unaokua huibana. Mkojo hutuama, na bakteria, hasa Escherichia coli, hupata nafasi ya kuzaliana, pengine bila mama kuhisi maumivu wala homa. Wasipotibiwa, wanawake 20 hadi 30 kati ya kila 100 wenye hali hiyo huweza kupata uambukizo wa figo. Sababu ya pili ni protini. Baada ya wiki ya 20, protini ikiandamana na shinikizo la damu la 140/90 au zaidi, twashuku prieklampsia, hali itanguliayo kifafa cha mimba.

Tatizo ni kwamba ute wa ukeni una protini na chembe nyeupe za damu. Ukiingia koponi, stripu hubadilika rangi katika sehemu zote mbili, na msomaji aliyezoea kuandika UTI huandika UTI.

Nilipata kumpokea mama wa mimba ya kwanza, wiki ya 34, aliyekuwa ametibiwa UTI mara tatu katika kituo kimoja. Kila mara stripu ilionyesha protini na chembe nyeupe. Kila mara alipewa viuavijasumu. Alipolalamika kuumwa kichwa aliambiwa anywe maji mengi. Katika kadi yake, nafasi ya shinikizo la damu ilikuwa tupu kwa mahudhurio mawili ya mwisho. Tulipompima tulikuta 170/110. Tulimzalisha usiku ule; yeye na mtoto walipona, ingawa mtoto alikaa wodini majuma kadhaa. Chembe nyeupe zile yamkini zilitokana na ute. Protini ilikuwa ya figo zake.

Basi mama, ukipewa kopo, nawa mikono kwanza. Jisafishe kwa maji safi kutoka mbele kuelekea nyuma. Usitumie dawa ya kuulia vijidudu, kwani baadhi yake huifanya stripu ionyeshe protini isiyokuwapo. Tenganisha mashavu ya uke kwa vidole, uache mkojo wa mwanzo uende chooni, kisha kinga ule wa katikati bila kugusa ndani ya kopo. Nusu ya kopo yatosha. Kama una uchafu mwingi ukeni, unatokwa damu, au wahisi maji ya uzazi yanavuja, sema kabla ya kupima. Hayo yote huharibu majibu. Wala usilete mkojo katika chupa ya soda iliyosuuzwa: mabaki ya sukari yatakuzulia kisukari.

Mkojo wa kwanza wa asubuhi ndio bora kwa kutafuta bakteria, maana naitraiti huhitaji mkojo uliokaa kibofuni yapata saa nne. Kwa hiyo stripu isiyoonyesha naitraiti kwa mama aliyekojoa nusu saa iliyopita haithibitishi kwamba bakteria hawapo.

Kwa wenzangu watoa huduma: andikeni jina ubavuni mwa kopo, si kwenye kifuniko, kwani vifuniko hubadilishana. Mkojo uliokaa mezani zaidi ya saa mbili bila jokofu huzalisha bakteria wake wenyewe. Kopo la stripu lifungwe mara tu baada ya kutoa moja. Unyevu huziharibu kabla ya tarehe yake kufika. Tangu 2016 Shirika la Afya Duniani limependekeza kuotesha mkojo wa katikati ili kutambua bakteria wasio na dalili, na pasipo uwezo huo, uchunguzi wa Gram kwa hadubini kuliko stripu. Na protini ikionekana, hata alama moja, shinikizo lipimwe papo hapo, kabla ya kalamu kuandika dawa yoyote. Shinikizo likiwa juu pasipo protini, bado mama huyo si wa kurudishwa nyumbani hivihivi.

Jambo dogo la mwisho ni choo chenyewe. Pasipo maji, ndoana ya kutundika mkoba, wala rafu ya kuwekea kopo, mama mwenye mimba ya miezi minane hawezi kufuata hata nusu ya maelezo haya. Na akilazimika kupita na kopo lake wazi mbele ya foleni nzima, huenda safari ijayo akasema mkojo haujaja.