Kiingereza cha Kazini: Mambo Manne ya Kuzingatia kwa Wahudumu Wapya

Kijana anayeanza kazi ya kuhudumu mezani, kusafisha vyumba au kupokea wageni katika hoteli za Diani, Watamu au Malindi huwa amesoma Kiingereza tangu shule ya msingi. Hata hivyo, zipo nafasi ambapo Kiswahili na Kiingereza hutofautiana, na hapo mgeni anaweza kuelewa jambo jingine kabisa. Mambo manne yafuatayo yafaa kufundishwa mapema.

1. Ndiyo na hapana. Kwa Kiswahili, mtu akiulizwa, "Hamna karanga ndani?" anaweza kujibu, "Ndiyo, hamna." Mgeni akiuliza, "There are no peanuts in this?" kisha ajibiwe "Yes" tu, hatajua kama zimo au hazimo. Kwa mtu ambaye karanga humdhuru, kosa hilo linaweza kuua. Jibu salama ni sentensi nzima: "There are no peanuts in it." Mhudumu asiye na hakika aseme, "Let me ask the chef," kisha aende jikoni kuuliza.

2. Saa. Hesabu ya saa katika lugha hizi mbili hupishana kwa saa 6. Mgeni anayesema "Wake me at six in the morning" anataka kuamshwa saa 12 asubuhi. Akiamshwa saa 6 mchana, huenda ndege imeshaondoka. Mhudumu aandike 6:00 a.m. na kumwonyesha mgeni.

3. Tarakimu. "Thirteen" (13) na "thirty" (30), au "fifteen" (15) na "fifty" (50), hukaribiana kwa sauti. Kwenye bili au namba ya chumba, ni vyema kutaja tarakimu mojamoja: "One-five or five-zero?"

4. Adabu. Kwa Kiswahili, neno "naomba" hutosha kulainisha ombi. Lakini "Give me your passport" humfikia mgeni kama amri. Afadhali "May I see your passport, please?" Vilevile, "pole" si "sorry" kila mara. Mgeni akijikwaa, "sorry" pekee yaweza kuchukuliwa kuwa mhudumu anakiri kosa. "Are you all right?" huonyesha kujali.

Juu ya yote, mhudumu ajifunze kurudia alichosikia: "Two teas and one coffee, no sugar?" Kuitikia kwa kichwa bila kuelewa ndiko huleta hasara, na kuuliza mara ya pili si aibu.

Wasimamizi nao wanaweza kutenga dakika 10 kabla ya zamu. Wafanyakazi wawili wawili waigize, mmoja mgeni, mwingine mhudumu, wakitumia menyu ya hoteli yenyewe. Maelezo yanaweza kutolewa kwa Kiswahili, kwani Katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha ya taifa, na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Katiba hiyo hiyo ilikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Mkazi anayetafuta kazi ya hoteli anashauriwa kufika katika chuo kilicho karibu naye na kuuliza kuhusu kozi zinazotolewa, na kama Kiingereza cha kazini ni sehemu ya mafunzo hayo.