KUCHAGUA KAMERA YA KUANZIA KAZI YA FILAMU



Vijana wengi wapendao kutengeneza filamu hutuuliza, "Ninunue kamera ipi iliyo ya bei nafuu?" Nasi kabla ya kujibu huwauliza, "Ukiisha kuinunua, utabakiwa na fedha kiasi gani?" Maana hapo ndipo wengi hukwama.

Twamjua kijana mmoja aliyeuza ng'ombe wake, akanunua kamera ya bei kubwa, hata fedha zote zikaisha dukani. Akamwendea mzee wa ukoo wao, akampiga picha akisimulia jinsi babu zao walivyoingia katika nchi ile. Picha ilitoka safi sana, kila kunyanzi la uso laonekana. Lakini sauti ya mzee ilimezwa na upepo uliovuma migombani. Kijana akasema, "Nikipata fedha nitanunua maikrofoni, nirudi." Kabla hajarudi, mzee alifariki. Picha ipo hata leo, masimulizi hayapo.

Basi fundisho letu ni hili: kamera peke yake haitengenezi filamu. Filamu ni picha, na nuru, na sauti. Na watazamaji huivumilia picha hafifu kuliko sauti isiyosikika. Kwa hiyo fedha zigawanywe nyumbani kabla ya kwenda dukani. Twashauri kamera isile zaidi ya nusu yake. Nusu ya pili iwe kwa maikrofoni, stendi ya miguu mitatu, betri ya akiba na kadi za kutunzia picha.

Ukiisha kugawanya fedha, yaangalie mambo haya matano.

Kwanza, je, kamera yaweza kuongozwa kwa mkono? Ikijichagulia nuru yenyewe, picha huingia giza na kung'aa tena kila mtu apitapo mbele ya dirisha. Yafaa uweze kuifunga nuru mahali pamoja, na vilevile umbali wa kulenga. Ukichukua picha 25 kwa sekunde, muda wa kila picha kupokea nuru uwe sehemu moja ya 50 ya sekunde. Ndipo mwendo wa watu utaonekana kama ulivyo. Tena taa za umeme wa kwetu, ambao ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, hazitametameta katika filamu.

Pili, je, lipo tundu la kuchomekea maikrofoni? Lisipokuwapo, usikate tamaa. Weka simu ya pili karibu na kifua cha msemaji ili inase sauti, kisha piga kofi moja mbele ya kamera. Baadaye utayalinganisha makofi hayo mawili, la picha na la sauti, nayo yatakwenda pamoja.

Tatu, usidanganywe na hesabu ya nukta. Picha ya nukta 1920 kwa 1080 yamtosha mwanafunzi. Ile iitwayo 4K, yenye 3840 kwa 2160, ina nukta mara nne zaidi, nayo hudai kadi kubwa na kompyuta yenye nguvu. Kamera ikiandika megabiti 100 kwa sekunde, saa moja tu hujaza gigabaiti 45. Hesabu gharama hiyo pia.

Nne, tofautisha kuvuta kwa lenzi na kuvuta kwa hesabu. Lenzi huleta kitu karibu kwa vioo vyake, wala haiharibu picha. Kuvuta kwa hesabu ni kukuza nukta zile zile tu, na picha huchakaa. Afadhali usogee kwa miguu yako.

Tano, usiidharau kamera iliyotumika, lakini usiinunue bila kuijaribu. Piga picha ukuta mweupe, utazame kama yapo madoa. Funika lenzi, utazame kama zipo nukta zing'aazo zisizoondoka. Kisha iache ifanye kazi nusu saa, uone kama yapata moto au yazimika. Maana kamera nyingi za zamani za picha za kawaida huacha kurekodi kabla dakika 30 hazijatimia.

Pengine mtu atasema, "Mimi sina hata hiyo nusu." Naye ana simu mfukoni? Basi na aanze nayo. Mwaka 2015 filamu iitwayo Tangerine, ya Sean Baker wa Marekani, ilionyeshwa katika tamasha la Sundance. Ilipigwa Los Angeles kwa simu za iPhone 5s, zilizotiwa vioo vidogo mbele ya lenzi. Lakini angalieni: sauti yake haikunaswa kwa simu hizo, bali kwa vyombo halisi vya kazi hiyo. Na karibu nasi, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala, Isaac Nabwana alitengeneza filamu Who Killed Captain Alex? ya mwaka 2010 kwa fedha chache sana, akitumia kompyuta alizoziunga mwenyewe. Hao hawakungojea chombo kikamilike ndipo waanze.

Basi, ndugu, chukua kile ulicho nacho, ukamnase mzee wako wiki hii, ndani ya nyumba, mbali na upepo, uso wake ukielekea dirishani. Kamera bora utainunua baadaye, mzee hanunuliwi.

Maswali ya kujifunza
1. Kwa nini yafaa kugawanya fedha kabla ya kwenda dukani?
2. Kamera isiyo na tundu la maikrofoni yawezaje kusaidiwa?
3. Utaijaribuje kamera iliyotumika?
4. Ni nani katika ukoo wako ambaye masimulizi yake hayajanaswa bado?