Somo la Familia: Safari ya Siku Moja na Watoto



Fungueni Biblia zenu, Luka 2:41-52. Habari hii huwa tunaisoma kwa ajili ya yule Mtoto aliyekutwa Hekaluni, na ndivyo ipasavyo. Lakini leo nataka tuwatazame wazazi wake wakiwa njiani.

Yusufu na Mariamu hawakuwa watu wa fedha. Aya ya 24 ya sura hiyo hiyo inataja sadaka ya ndege wawili, na ukisoma Walawi 12:8 utaona kuwa hiyo ni sadaka ya mama asiyeweza kupata mwana-kondoo. Hata hivyo kila mwaka walikwenda Yerusalemu kwa Pasaka. Kutoka Nazareti ni zaidi ya kilometa 100, karibu mara mbili ya njia ya Njombe hadi Makambako. Waliwezaje? Aya ya 44 inatupa jibu: walikwenda katika msafara, pamoja na jamaa na watu waliojuana nao.

Nasema hayo kwa kuwa wazazi wengi hapa mjini huniambia, "Mwalimu, kuwatembeza watoto ni kazi ya wenye magari." Basi Jumamosi mtoto anashinda na televisheni, mama yuko sokoni, na baba anajua mwenyewe aliko. Nimekutana na vijana wa Kipaimara, wazaliwa wa Njombe, ambao hawajapata kusimama mbele ya maporomoko ya Luhuji, nayo yako pembeni mwa mji, mwendo wa miguu tu. Jambo hilo lilinihuzunisha sana.

Kwa hiyo anzeni na Luhuji. Familia tatu au nne za mtaa mmoja ziondoke pamoja baada ya ukungu kupanda. Chukueni viazi vya kuchemsha, parachichi, chai ya chupa na masweta. (Akina baba, ulanzi ubaki nyumbani siku hiyo.) Mkifika, msiwaache watoto watazame maji huku ninyi mkipiga soga. Waulizeni: maji haya yanakwenda wapi? Waacheni wabishane kwanza, kisha waambieni. Mto huu, ambao wengine huandika Ruhuji, unashuka hadi bonde la Kilombero na kukutana na mito mingine. Maji yake yanaingia Rufiji na mwisho Bahari ya Hindi. Huko njiani yanapita Bwawa la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Mtoto aliyesikia hayo akirudi nyumbani na kuwasha taa, atakuwa na la kufikiri.

Ninyi wa Makambako mnayo reli. Watanzania, Wazambia na Wachina waliijenga TAZARA kuanzia 1970 hadi 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Ulizeni kwanza stesheni kama treni itapita siku hiyo na mahali pa kusimama salama, maana watoto hawaruhusiwi kucheza relini. Mkingoja, waambieni watoto kuwa treni ya kwenda Dar es Salaam ikitoka hapo inateremka kwenye bonde lile lile la Kilombero linalopokea maji ya Luhuji. Msitu wa Nyumbanitu, unaoheshimiwa na Wabena tangu zamani, uacheni kwa siku mtakayopata usafiri, tena baada ya kuomba ruhusa kwa wazee wa huko.

Sasa rudini kwenye aya ya 44. Wazazi walidhani Mtoto yumo msafarani. Mimi simcheki Yusufu. Nilipokuwa mwalimu kijana niliwapeleka watoto mtoni kwa somo la jiografia. Tulikwenda na watoto 42, nikarudi na 41. Kila mmoja alidhani yule mwenzao yuko mbele, au yuko nyuma. Tulimkuta jioni shambani kwa mama mmoja kando ya njia, anakula viazi, hana wasiwasi wowote. Aliyekuwa akitetemeka ni mimi. Tangu hapo kila mtu mzima ninayetoka naye hupewa watoto wake kwa majina, wasizidi watatu, naye huwahesabu wakati wa kuondoka, wa kula na wa kurudi. Maporomokoni mawe yanateleza. Mtoto mdogo ashikwe mkono. Wakati wa mvua nyingi mto hujaa, msiende kabisa.

Angalieni pia aya ya 46. Mtoto alikutwa akisikiliza na kuuliza maswali, wala walimu hawakumfukuza. Kumbukumbu la Torati 6:7 inawaagiza wazazi kuzungumza na watoto wao wakiwa nyumbani na wakiwa njiani. Nyumbani kuna kazi, kuna wageni, kuna kuchoka. Njiani mtoto anatembea ubavuni pako saa nzima, naye atauliza: kwa nini babu alihamia hapa, kwa nini tunabatizwa, kwa nini mama analia usiku. Mengine hutayaweza. Mariamu naye hakuelewa yote aliyojibiwa, lakini aliyaweka moyoni.

Maswali ya kuzungumza mtaani:

1. Ni lini mara ya mwisho ulitembea na mwanao mahali pasipo kazi wala duka? Alikuuliza nini?

2. Katika mtaa wetu, ni watoto gani wasio na mtu wa kuwachukua, na ni familia ipi itawaweka katika hesabu yake?