Kukata Kulia Mwenge kwa Baiskeli

Kwa anayeanza kwenda kazini kwa baiskeli jijini Dar es Salaam, kwenda moja kwa moja si shida kubwa. Shida iko kwenye kukata kona, hasa ya kulia. Magari ya Tanzania hupita kushoto, kwa hiyo anayekata kulia hulazimika kuuacha ukingo wa barabara, kukatiza mbele ya magari yanayotoka nyuma yake, kisha kuyapisha yanayokuja usoni.

Chukua mtu anayetoka Tegeta kwenda Mlimani City. Anafuata Barabara ya Bagamoyo mpaka mataa ya Mwenge, na hapo anatakiwa aingie Sam Nujoma, kulia kwake. Mzoefu huhamia katikati mapema, akaingia na magari. Mgeni asijaribu. Abaki kushoto, na taa ikimruhusu avuke makutano kama anayeelekea Morocco. Akifika ng'ambo asimame pembeni, aigeuze baiskeli ielekee Sam Nujoma, mbele ya magari yanayotokea Mikocheni, asubiri taa yao. Ikiwaka kijani, anaondoka nao akiwa amenyooka. Hakuna mahali alipokatiza mbele ya gari linalokwenda.

Denmark, ambako magari hupita kulia, hiyo ndiyo sheria: mwendesha baiskeli anayetaka kukata kushoto kwenye makutano huvuka kwanza, ndipo ageuke. Mimi hukata hivyo hata barabara ikiwa nyeupe, na sioni sababu ya kuacha.

Pasipo na mataa, ashuke na kuikokota baiskeli kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Hapo kuna hatari moja ambayo wageni wengi hawaifikirii. Dereva muungwana anasimama, anapunga mkono: pita! Anayepita anamtazama yeye, anamshukuru, kumbe ubavuni mwa gari hilo inachomoza bodaboda ambayo dereva wake hajaona kwa nini gari limesimama. Mkono wa dereva mmoja hausemi lolote kuhusu njia ya pili. Afike usawa wa bampa, asimame, achungulie, ndipo aendelee.

Kona ya kushoto inaonekana nyepesi, lakini ndiyo inayonitia hofu zaidi. Lori refu au tela likikata kushoto, magurudumu ya nyuma hayafuati mkondo wa yale ya mbele. Huingia ndani zaidi, yakausogelea ukingo. Aliyejipenyeza kati ya lori na ukingo hubanwa, na dereva aliyekaa juu huenda asimwone kabisa. London ilipoteza waendesha baiskeli wengi kwa namna hii, na tangu Machi 2021 lori zito haliruhusiwi kuingia jijini humo bila kibali kinachozingatia kiasi ambacho dereva anaweza kuona kutoka kwenye kiti chake. Hapa kwetu kinga ni ya mwendesha baiskeli mwenyewe: lori likisimama kwenye mataa, abaki nyuma yake, hata kama upenyo wa kushoto unaonekana mpana kiasi gani. Daladala nayo iachiwe nafasi, maana huchepuka kushoto ghafla ikiona abiria.

Mikono ina kazi yake. Mkono wa kulia unyooshwe kulia, au wa kushoto kushoto, mapema kiasi cha aliye nyuma kuuona. Kisha yote miwili irudi kwenye usukani kabla ya kuinama na kona. Breki zikamatwe kabla ya kona pia, kwa sababu pembeni mwa barabara zetu hujikusanya mchanga, na tairi likifungwa juu ya mchanga huteleza.

Lililo gumu kulizoea ni kugeuza shingo kutazama nyuma bila baiskeli kuyumba. Hilo lifanyiwe mazoezi kwenye uwanja mtupu: kuchora mstari ardhini, kuufuata, kutazama nyuma kwa bega la kulia, kisha la kushoto. Tairi likishaacha kutoka nje ya mstari, aende Mwenge Jumapili alfajiri, magari yakiwa machache, avuke kona zote nne, ndipo Jumatatu aitumie njia hiyo kwenda kazini.