Meno ya kwanza ya mtoto

Mtoto anapozaliwa, kinywa chake huonekana kitupu. Lakini meno yake yapo. Yamefichika ndani ya ufizi, kama mbegu zilivyofichika chini ya udongo. Yalianza kufanyika wakati mtoto alipokuwa bado tumboni mwa mama yake.

Mtoto akipata miezi 6 hivi, meno mawili ya mbele ya chini hutoboa ufizi. Siku hizo mtoto hutokwa na mate mengi, hulialia, hutia vidole na kila kitu kinywani. Watoto wengine huota meno mapema, wengine hukawia mpaka wamalize mwaka. Huo si ugonjwa. Halafu meno mengine hufuata kidogo kidogo. Mtoto akifika miaka 3, amekwisha kupata meno 20, yaani 10 juu na 10 chini. Hayo ndiyo meno ya utoto.

Kazi ya meno ya utoto

Watu wengine huyadharau meno hayo. Husema: «Kwa nini kuyasafisha? Si yataanguka?» Kweli, yataanguka. Lakini la mwisho huanguka mtoto anapofika miaka 11 au 12. Miaka hiyo yote mtoto hula kwa meno hayo. Hutafuna nayo bugali, maharagwe na samaki. Tena humsaidia kusema vizuri, maana asiye na meno ya mbele hawezi kutamka maneno sawasawa.

Iko kazi nyingine isiyoonekana. Chini ya kila jino la utoto linakua jino la ukubwa. Jino la utoto humwekea ndugu yake nafasi, kama mtoto anayemwekea mwenzake mahali kwenye benchi. Likiondoka kabla ya wakati wake, majirani yake huinamia nafasi ile. Jino la ukubwa likija halina mahali pa kukaa, basi huota upande. Na jino la utoto likioza mpaka usaha, linaweza kuharibu hata lile linalokua chini yake.

Mtoto mwenye jino bovu hali vizuri wala halali vizuri. Asiyekula hakui. Asiyelala husinzia shuleni.

Namna meno yanavyooza

Wazee wengi walisema kwamba mdudu kama funza hula jino. Hakuna funza ndani ya jino. Jino lina ganda jeupe, gumu kupita mfupa. Lakini kinywani mwa kila mtu wamo vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo hupenda sukari. Vikiila, hutoa maji makali kama ya limau. Maji hayo huyeyusha ganda la jino polepole.

Kwanza doa jeupe kama chokaa huonekana karibu na ufizi. Wakati huo jino linaweza bado kupona, likisafishwa vizuri. Baadaye doa hugeuka rangi ya udongo, kisha tundu hutokea. Tundu halijizibi lenyewe hata siku moja.

Mate ni mlinzi wa meno: huyaosha mchana kutwa. Lakini mtu akilala, mate hupungua. Ndiyo maana chupa ya chai yenye sukari, mtoto aliyoachiwa kinywani usiku, ni adui mkubwa. Meno ya mbele ya juu huoza kwanza, pengine kabla mtoto hajafika miaka 2. Mtoto wa kulala apewe maji safi tu. Vitu vitamu vya dukani, kama mtoto akivipata, avile pamoja na chakula, si kuvimumunya tangu asubuhi mpaka jioni.

Namna ya kusafisha

Kabla meno hayajaota, mama hupangusa ufizi wa mtoto kwa kitambaa safi na laini, kilicholowanishwa kwa maji safi. Jino la kwanza likitokea, kazi ya mswaki imeanza: mara 2 kila siku, na mara moja ya hizo ni usiku kabla ya kulala. Baada ya ule wa usiku mtoto hali tena kitu.

Watu wakubwa wengi hutumia kijiti kibichi kilichotafunwa ncha, nacho husafisha vizuri kikitumiwa kwa bidii. Lakini kwa ufizi wa mtoto mdogo kijiti ni kigumu. Mswaki mdogo wenye nywele laini unafaa zaidi. Kila mtoto awe na wake, wala asiazime wa mwingine. Mkaa na mchanga havifai, kwa sababu hukwaruza ganda la jino.

Dawa ya meno iliyo nzuri ina fluori, ambayo hulitia ganda nguvu. Kwa mtoto ambaye hajafika miaka 3, kiasi cha punje ya mchele kinatosha. Tangu miaka 3 mpaka 6, kiasi cha punje ya njegere. Mtoto afundishwe kutema povu, asilimeze.

Mtoto mdogo hawezi kazi hiyo peke yake. Mpaka afike miaka 7 hivi, mkubwa amsaidie. Dada au kaka anayejua kazi yake humketi mtoto mapajani, kichwa chake kikiegemea kifuani. Humwinua mdomo kwa kidole, apate kuona ufizi. Husafisha upande wa nje, kisha upande wa ndani, mwisho mahali pa kutafunia. Hafanyi kwa haraka wala kwa nguvu.

Jino la miaka sita

Mtoto akifika miaka 6, jino kubwa huota nyuma kabisa, juu na chini, kuume na kushoto. Meno hayo 4 hayangojei jino lo lote kuanguka. Kwa hiyo wazazi wengi hawayaoni, au hudhani ni meno ya utoto, huyaacha yaoze. Kumbe ni meno ya ukubwa! Yakitunzwa, hudumu mpaka uzee. Yakipotea, mengine hayaji.

Hatari ya kuchimba ufizi

Katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki na ya Kati, pamoja na Kongo, iko desturi inayoua watoto. Mtoto mchanga akihara au akipata homa, mtu fulani hutazama ufizi wake na kuona uvimbe mweupe. Husema: «Hili ni jino baya, ndilo linalomwua mtoto.» Ndipo huchimba ufizi kwa kisu, au kwa waya wa gurudumu la kinga, na kutoa kitu cheupe, laini kama funza. Mama hukiona, huamini.

Kitu kile si funza wala jino baya. Ni jino la mtoto mwenyewe ambalo halijakomaa. Mtoto hupoteza damu. Uchafu wa chuma huingia katika kidonda na kuleta ugonjwa, pengine pepopunda. Wengine hufa. Wanaopona hukosa jino maisha yao yote, au huota jino lenye kasoro. Na kuhara hakukomi, maana hakukutoka katika ufizi.

Basi, kwa nini mtoto anayeota meno huhara? Kwa sababu umri huo ndio wa kutambaa. Mtoto huokota vitu chini na kuvitia kinywani, na uchafu huingia tumboni. Dawa ya kwanza ni kumnywesha. Mama aendelee kumnyonyesha. Ampe maji yenye chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Ampe kidogo kidogo, mara nyingi. Vipimo visipitishwe, kwa maana chumvi nyingi ni hatari. Dawa ya pakiti ya dispanseri, ikipatikana, ni bora zaidi. Kisha mtoto apelekwe dispanseri siku ile ile.

Mara nyingi mwanafunzi ndiye anayembeba mdogo wake mgongoni, mama akiwa shambani. Akisikia majirani wakitaka kuchimba ufizi wa mtoto, asiwatukane wala asinyamaze. Amkimbilie mama na kumwambia kwa heshima: «Mama, hilo ni jino lake mwenyewe. Tumpeleke dispanseri kwanza.» Maneno hayo machache yanaweza kuokoa mtu.

Wakati wa kwenda dispanseri

Mtoto apelekwe bila kungoja kama ana tundu jinoni, kama ufizi umevimba au unatoa usaha, au kama shavu limevimba. Kidonda cha ufizi chenye harufu mbaya, hasa kwa mtoto aliyekonda au aliyetoka kuugua surua, ni jambo la haraka sana. Kinaweza kuwa mwanzo wa noma, ugonjwa unaokula shavu kwa siku chache. Ukitibiwa mapema, mtoto hupona. Ukikawilishwa, huua au huharibu uso.

Meno ya utoto hukaa miaka michache tu, lakini hutengeneza njia ya meno ya maisha yote.

Maulizo

1. Mtoto wa miaka 3 ana meno mangapi?
2. Jino la utoto linafanya kazi gani kwa ajili ya jino la ukubwa?
3. Kwa nini chai yenye sukari usiku huozesha meno kuliko mchana?
4. Jino la miaka sita huota wapi? Kwa nini watu hulisahau?
5. Kitu cheupe kinachotolewa katika ufizi wa mtoto mchanga ni nini?
6. Mtoto mdogo akihara, afanyiwe nini nyumbani, tena apelekwe wapi?