Waliohama kundi wawili wawili

"Data zinapatikana zikiombwa." Ukiikuta sentensi hiyo chini ya makala ya uchumi, jiandae kama anayemdai shemeji. Niliomba data za utafiti wa mikopo midogo kwa wafanyabiashara wa sokoni. Mwenyewe, profesa mwenye jina, akanyamaza, akasema yuko safarini, akanyamaza tena. Siku alipotuma, zikaja data na msimbo wa Stata, programu ya takwimu, bila hata mstari mmoja wa maelezo.

Yaliyofuata yalinifunza hatua za sayansi huria, basi twende. Kwanza, sajili mpango wako kabla hujaingia sokoni. Chama cha Wanauchumi cha Marekani kina rejista ya majaribio tangu 2013, na ni bure. Pili, faili ghafi usiliguse, usafishaji wote ufanywe na msimbo. Mwaka 2013 mwanafunzi Thomas Herndon aligundua kwamba fomula ya Excel ya wanauchumi Reinhart na Rogoff iliruka nchi tano. Lakini wale angalau walimpa faili alipoomba!

Tatu, hakikisha msimbo unatoa jibu lilelile kila ukiendeshwa; hii ndiyo iliyoninyima usingizi. Msimbo wa profesa uligawa watu kwa bahati nasibu: hawa wakopeshwe, hawa wasubiri. `set seed`, amri inayofunga mbegu ya bahati nasibu, ilikuwepo, kwa hiyo mgao ulipaswa kuwa uleule daima. Lakini nikiuendesha msimbo upya bila kuifunga programu, watu kadhaa wanahama kundi. Nikamwandikia. Akajibu kwamba Stata yangu ni ya zamani. Ni ya zamani kweli. Kwa bei ile ya leseni, nani anunue mpya? (Anayeanza leo, ajifunze R, ambayo ni bure.)

Nikaacha kutazama matokeo, nikawatazama waliohama. Walikuwa wanabadilishana nafasi wawili wawili, na kila wawili wana namba moja ya simu: mke na mume, mama na bintiye. Kabla ya kugawa, profesa alikuwa amepanga orodha kwa namba ya simu! Stata ikikuta safu zinazofungana, huzichanganya kwa mbegu yake nyingine, ambayo `set seed` haiigusi. Dawa ni kuandika `isid` kabla ya `sort`: namba ikijirudia, msimbo unagoma palepale, nawe unaongeza namba ya kizimba ili kila mtu awe na utambulisho wake. Wapo watakaokuambia uongeze chaguo la `stable` kwenye `sort`. Hiyo hutunza tu mpangilio ambao faili lilikuja nao, na faili likipangwa upya na mtu mwingine umerudi ulikotoka.

Nilimtumia maelezo yote. Alijibu "asante" tupu, nami nimeihifadhi barua pepe hiyo.

Na zile namba za simu? Zilikuwa za kweli, za watu wanaouza nyanya. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, na uwazi wa data haumaanishi kugawa simu za watu. Wape watu hao namba zako za kubuni, ufunguo ubaki kwako. Vingine viweke Zenodo, hazina ya data ya mtandaoni, siyo kwenye ukurasa wako wa chuo, unaofutwa ukihama kazi.